SOMO KWA WENYE MAGARI: NAMBARI YA MZIGO KATIKA TAIRI NA NAMNA YA KUICHAGUA

Gari la ofisi linapofikia wakati wa kubadilishwa matairi, maswali yanayoulizwa huwa mawili: saizi gani, na bei gani. Swali la tatu, ambalo ndilo linalohusu uhai wa watakaopanda gari hilo, aghalabu haliulizwi: kila tairi linamudu kilo ngapi? Jibu lake limeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa nambari ya tarakimu mbili au tatu ambayo wengi wetu tunaiona kila siku bila ya kuisoma.

Somo la leo linahusu nambari hiyo. Limekusudiwa madereva, maofisa wanaosimamia usafiri, wanaojaza hati za ununuzi, na mwananchi yeyote mwenye gari la wastani la njia mbovu, yaani yale magari ambayo injini huweza kuyazungusha magurudumu yote manne, yenye viti vitano hadi vinane, kama vile Toyota Prado, Mitsubishi Pajero na mengineyo ya daraja hilo. Tumeyachagua magari hayo kwa sababu ndiyo yanayotwikwa kazi za kila namna katika visiwa vyetu. Asubuhi huchukua wauguzi na makasha ya chanjo, mchana hupeleka vitabu skuli, na jioni hurudi na kila aliyekosa gari njiani. Gari ni moja, lakini uzito wake haubaki mmoja.

1. TAIRI HALIBEBI MZIGO PEKE YAKE

Jambo la mwanzo la kuelewa ni kwamba mpira wa tairi peke yake hauwezi kulibeba gari. Tairi likitoka upepo hulala chini, hata likiwa jipya na la bei kubwa. Kinachobeba gari ni upepo uliofungiwa ndani. Kazi ya tairi ni kuuzuia upepo huo usitoke na usilitanue tairi kupita kiasi. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1887, alikusudia baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimtikise barabarani. Tangu siku hizo umbo la tairi limebadilika sana, lakini upepo ndio ulioendelea kuwa mbebaji.

Kutokana na hayo hupatikana kanuni ambayo somo hili zima limejengwa juu yake: uwezo wa tairi ni wa vitu viwili kwa pamoja, yaani ukubwa na uimara wa chombo, na kiasi cha upepo kilichomo. Nambari iliyoandikwa ubavuni huonesha uwezo wa juu, pale tairi linapokuwa na upepo uliokusudiwa. Upepo ukipungua, uwezo nao hushuka, ijapokuwa nambari ubavuni imebaki ile ile.

Tairi lililobebeshwa kupita uwezo wake, au lililo na upepo haba, hujikunja sana ubavuni kila linapozunguka. Kujikunja huko huzalisha joto. Mwendo ukizidi, joto huzidi, na tabaka za ndani za mpira, nyuzi na waya wa chuma huanza kuachana. Kwa nje dereva anaweza asione lolote. Kisha tairi hupasuka, mara nyingi si pale lilipoumia bali mbele zaidi, katika lami nzuri, gari likiwa katika mwendo. Ndiyo maana watu husema tairi limepasuka "bila ya sababu". Sababu ipo, ila ilianza mapema.

2. KUSOMA UBAVU WA TAIRI

Tuchukue maandishi yanayopatikana katika magari mengi ya daraja tunalolizungumzia:

265/70R16 112S

Nambari 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Nambari 70 inaeleza urefu wa ubavu kuwa ni asilimia 70 ya upana huo, yaani takriban milimita 185. Herufi R inaonesha kuwa nyuzi za tairi zimepitishwa moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, mtindo ambao leo ndio wa kawaida kwa magari. Nambari 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi.

Hapo ndipo wengi huishia kusoma. Yanayobaki, 112S, ndiyo yenye somo letu. Nambari 112 ni nambari ya mzigo. Herufi S ni herufi ya mwendo, yenye maana kwamba tairi limepimwa kwa mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Herufi Q ni kilomita 160, R ni 170, na T ni 190. Barabara zetu hazihitaji mwendo huo, lakini herufi ya juu huashiria pia uwezo wa kustahamili joto, kwa hivyo si jambo la kupuuzwa.

Inafaa ieleweke kwamba nambari ya mzigo si kilo. Ni nafasi katika jedwali la kimataifa. Nambari 20 ni kilo 80, nambari 100 ni kilo 800, na nambari 180 ni kilo 8000. Kila hatua moja huongeza uwezo kwa karibu asilimia 3. Kwa hivyo tofauti ya nambari chache, ambayo kwa macho huonekana ndogo, ina uzito mkubwa barabarani.

Zifuatazo ni nambari zinazohusu zaidi magari yetu, na kilo ambazo tairi moja linaruhusiwa kubeba:

Nambari 98: kilo 750
Nambari 100: kilo 800
Nambari 103: kilo 875
Nambari 104: kilo 900
Nambari 107: kilo 975
Nambari 108: kilo 1000
Nambari 110: kilo 1060
Nambari 112: kilo 1120
Nambari 115: kilo 1215
Nambari 118: kilo 1320
Nambari 121: kilo 1450

Msomaji anaweza pia kukuta nambari mbili zilizotengwa kwa mstari, kama 121/118. Ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake upande mmoja wa ekseli. Ya pili ni ya matairi yanayofungwa mawili mawili, kama katika malori. Kwa gari la wastani isomwe ile ya kwanza.

3. KUPATA NAMBARI INAYOFAA GARI LAKO

Kosa la kawaida ni kuchukua uzito wa gari na kuugawa kwa nne. Hesabu hiyo hudanganya, kwa sababu mzigo hauenei sawasawa. Abiria wa nyuma, vifurushi na magunia hulalia zaidi ekseli ya nyuma. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa ekseli, na ichukuliwe ile yenye uzito mkubwa zaidi.

Uzito unaoruhusiwa hutafutwa katika kibati kilichopigwa kwenye gari, au katika kitabu cha gari. Tuchukue mfano wa gari ambalo maelezo yake ni haya: uzito wa juu wa gari lote kilo 2850, ekseli ya mbele kilo 1350, ekseli ya nyuma kilo 1800. Msomaji ataona kwamba ekseli mbili zikijumlishwa zinazidi 2850. Hilo si kosa la uchapaji. Kila ekseli imewekewa mpaka wake kwa kuwa mzigo unaweza kuelemea upande mmoja, lakini mpaka wa gari zima nao hauna budi kuheshimiwa.

Ekseli ya nyuma ni kilo 1800. Tukigawa kwa matairi mawili tunapata kilo 900. Nambari ya chini kabisa inayofikia uzito huo ni 104. Lakini 104 haiachi akiba hata ya kilo moja, na gari halisimami mahali pamoja. Likiingia shimoni, likikata kona au likiinama upande mmoja wa njia iliyobomoka, tairi moja hubeba sehemu ya mwenzake. Nchini Marekani kanuni za usalama hulizingatia jambo hili: tairi la aina ya gari dogo linapofungwa kwenye gari la njia mbovu au la mizigo, uwezo wake hugawanywa kwanza kwa 1.10 ndipo lilinganishwe na mzigo. Tukiifuata hesabu hiyo hapa, kilo 900 mara 1.10 ni kilo 990, na nambari inayofaa inapanda hadi 108.

Ikiwa gari hilo lilitoka kiwandani na matairi ya 112, basi 112 ndiyo iwe sakafu yetu. Aliyelitengeneza gari alikwishapima mambo ambayo sisi hatuna vyombo vya kuyapimia. Kupanda juu ya nambari hiyo kunaruhusiwa, kukiwa na sababu. Kushuka chini yake kusikubaliwe, hata kama tairi linaingia kwenye ringi bila ya taabu na bei yake ni nafuu.

4. SAFARI MOJA KWA HESABU

Tulitie gari la mfano wetu safarini ili nambari zipate maana. Likiwa tupu, na tangi lake limejaa mafuta, lina kilo 2000: mbele 1050 na nyuma 950. Asubuhi linaondoka Chake Chake kuelekea Konde. Ndani wamo watu watano, tuwakadirie kilo 75 kila mmoja, jumla kilo 375. Viti vya mwisho vimekunjwa na mahali pake yamewekwa makasha ya vitabu vya skuli, kilo 250. Juu ya kerija pana meza na viti, kilo 60. Jumla ya gari sasa ni kilo 2685, bado ndani ya mpaka wa 2850.

Ekseli ya nyuma inachukua sehemu kubwa ya nyongeza hiyo. Makasha yaliyowekwa nyuma ya ekseli huielemea zaidi ya uzito wake yenyewe, kwa kuwa huinyanyua mbele ya gari kidogo, kama mtu anayekalia ncha ya ubao. Kwa makadirio, ekseli hiyo sasa ina kilo 1485, yaani kilo 742 na nusu kwa kila tairi.

Njiani dereva anasimamishwa na jamaa mwenye magunia matano ya mchele, ya kilo 50 kila moja. Ombi ni la kibinadamu, na nafasi inaonekana ipo. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeomba kupakiwa hauhisi uzito, na hata dereva hauhisi, kwa kuwa injini ina nguvu na gari linaondoka kama kawaida. Anayeuhisi ni tairi. Gari sasa lina kilo 2935, limezidi mpaka kwa kilo 85. Ekseli ya nyuma imefika takriban kilo 1760, yaani kilo 880 kwa kila tairi.

Ikiwa matairi ya nyuma ni 265/70R16 yenye nambari 112, kila moja bado lina akiba ya kilo 240, maadamu upepo umekamilika. Lakini tuseme wakati wa ununuzi yalichaguliwa 225/70R16 yenye nambari 103 kwa sababu ya unafuu. Tairi la 103 hubeba kilo 875. Limekwisha kupitwa kwa kilo 5 kabla halijakutana na shimo la kwanza. Na kama upepo wake haujapimwa tangu mwezi uliopita, limepitwa kwa zaidi ya hapo.

Magari hayo mawili yakipita mbele yako, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Abiria waliomo nao hawawezi. Tofauti ilifanywa siku nyingi nyuma, mezani, na mtu aliyejaza hati ya ununuzi.

Hata hivyo ieleweke kwamba tairi la nambari kubwa haliongezi uwezo wa gari. Katika mfano huu, hata lenye matairi ya 112 limezidishiwa kilo 85. Breki, springi, ekseli na ringi zilibaki zile zile. Jibu sahihi kwa mwenye magunia lilikuwa ni kuombwa radhi, au kupakiwa magunia matatu tu, kilo 150, ambayo yangelifikisha gari kwenye kilo 2835.

5. TAIRI LA PLAI KUMI: DAWA AU UGONJWA?

Wako wanaosema: "Tutie tairi la plai kumi, tumalize maneno." Kauli hiyo inahitaji kuchunguzwa.

Zamani tairi lilijengwa kwa tabaka za kitambaa cha pamba, na plai kumi maana yake ilikuwa ni tabaka kumi za kweli. Leo nyuzi ni za poliesta, nailoni na chuma, zenye nguvu kuliko pamba, na tairi lililoandikwa plai kumi huweza kuwa na tabaka mbili au tatu tu ubavuni. Jina limebaki kuwa kipimo cha nguvu. Katika matairi ya magari ya mizigo midogo, yale yaliyoandikwa LT, plai sita huitwa kwa herufi C, plai nane kwa D, na plai kumi kwa E. Katika saizi nyingi za magari ya daraja letu, upepo wa juu wa herufi hizo ni paundi 50, 65 na 80 kwa kufuatana.

Tulinganishe sasa matairi mawili ya saizi moja. La kwanza ni 265/70R16 112, la kawaida: hufikia kilo 1120 kwa upepo wa kiasi cha paundi 36. La pili ni LT265/70R16 121/118, la plai kumi: hufikia kilo 1450, lakini kwa paundi 80. Uwezo wake mkubwa umetokana na kustahamili upepo mwingi zaidi. Je, likijazwa paundi 35, kama lile la kwanza? Hapo uwezo wake huwa chini sana ya kilo 1120. Hata zile kilo 900 ambazo ekseli ya mfano wetu inazihitaji halizifikii.

Hili ndilo jambo ambalo tungependa kila msomaji aondoke nalo. Ofisi inaweza kutoa fedha zaidi, ikanunua tairi lenye nguvu zaidi, likafungwa na fundi hodari, kisha likajazwa upepo ule ule wa zamani kwa mazoea, na gari likatoka gereji likiwa na uwezo mdogo kuliko lilioingia nao. Anayehamia tairi la LT hana budi kuhamia pia upepo wake, kwa kufuata jedwali la mtengenezaji wa tairi hilo, na kuandika kiwango kipya mahali ambapo kila dereva atakiona.

Wala si sahihi kukimbilia paundi 80. Gari la wastani halina uzito wa kulikandamiza tairi lenye upepo huo. Matokeo yake tairi hukanyaga kwa katikati tu na kulika hapo, mtikisiko huvunja springi na kuwachosha abiria, na katika lami iliyolowa gari huchelewa kusimama. Ringi nazo zina kikomo chao cha upepo.

Basi tairi la plai nyingi linamfaa nani? Linalifaa gari linalobeba karibu na mpaka wake kila siku, au linalopita mara kwa mara penye mawe makali yanayochana ubavu. Gari linaloshinda mjini na watu wawili halilihitaji.

6. BARABARA ZETU

Visiwa vyetu ni vidogo, lakini ardhi yake si moja. Mashariki na kusini ya Unguja, na sehemu za mashariki ya Pemba, kuna maeneo ya uwanda wa mawe ya matumbawe. Mawe hayo hayaliumizi tairi kwa uzito bali kwa ncha zake. Huko ubavu mgumu una faida, na upepo usiwe haba, kwani ubavu uliovimba kwa kukosa upepo ndio unaokutana na ncha mwanzo.

Magharibi ya Pemba kuna vilima na udongo wa mfinyanzi, ambao katika masika huteleza kama sabuni. Huko kinachotakiwa zaidi ni kashata zenye kina, yaani yale meno yanayokanyaga chini, pamoja na tairi lisilokuwa gumu kupita kiasi.

Penye mchanga, madereva hupunguza upepo ili tairi litanuke na lisizame. Ni mbinu sahihi, kwa masharti matatu: mwendo uwe mdogo, mzigo uwe mwepesi, na upepo urudishwe kabla ya kuingia lamini. Dereva asiyekuwa na pampu garini asianze kutoa upepo asioweza kuurudisha.

7. UPEPO, UMRI NA TAIRI LA AKIBA

Kiwango cha upepo kimeandikwa katika kibati, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari yaliyotoka Japani huandikwa kwa kilopaskali. Ili kupata paundi, gawa kwa 6.9: kilopaskali 200 ni paundi 29, na 240 ni paundi 35. Hata maandishi mengine yakiwa ya Kijapani, tarakimu zinasomeka.

Upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa baridi, kabla ya safari. Tairi lililokwisha kwenda mwendo huonesha upepo mwingi zaidi kwa sababu ya joto. Anayeupunguza wakati huo atalikuta tairi lina upepo haba kesho yake.

Umri wa tairi nao husomeka. Tafuta maandishi yanayoanza na DOT. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho huonesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lichunguzwe kila mwaka likishatimiza miaka 5 ya kazi, na liondoshwe likifikia miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake zingali nzima. Nasaha hiyo ina uzito zaidi kwetu, ambako jua na joto huukausha mpira, na ambako matairi mengi hununuliwa yakiwa yamekwisha tumika kwengine. Tairi lililotumika linaweza kung'arishwa kwa rangi, lakini tarehe yake haing'arishiki.

Tairi la akiba liwe na nambari ya mzigo sawa na yale manne. Siku litakapohitajika, gari huenda likawa limejaa na liko mbali. Vile vile matairi mawili ya ekseli moja yawe ya saizi na nambari moja, kwani ekseli ina uwezo wa tairi lake dhaifu.

8. KUANDIKA HATI YA UNUNUZI

Hati inayosema "matairi manne ya Prado" humpa muuzaji uhuru wa kuleta chochote kinachoingia kwenye ringi. Tunapendekeza iandikwe kwa mfano huu:

"Matairi 5, saizi 265/70R16, nambari ya mzigo isiyopungua 112, herufi ya mwendo isiyopungua S, mapya, yasiyozidi miaka 2 tangu kutengenezwa, yote ya aina moja."

Mwenye kupokea ayasome maandishi hayo ubavuni, tairi kwa tairi, kabla ya kutia saini. Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika kumi, na ndiyo nafasi ya mwisho ya kulirudisha tairi lisilofaa.

MASWALI YA KUJIPIMA

(i) Gari la mfano wetu limeletewa matairi ya 245/70R16 107T. Je, yapokelewe?

(ii) Kibati kinasema kilopaskali 220. Ni paundi ngapi?

(iii) Ekseli moja ina tairi la 112 na tairi la 103. Ihesabiwe kuwa inamudu kilo ngapi?

(iv) Tairi limeandikwa 3621. Lilitengenezwa lini?

MAJIBU

(i) Yasipokelewe. Nambari 107 ni kilo 975. Inatosha kwa kilo 900 za hesabu tupu, lakini haifikii kilo 990 tulizozipata baada ya kuweka akiba, na iko chini ya 112 ya kiwandani. Herufi T ni ya juu kuliko S, lakini mwendo haufidii mzigo.

(ii) Paundi 32, kwa makadirio.

(iii) Kilo 1750, yaani mara mbili ya lile dhaifu.

(iv) Wiki ya 36 ya mwaka 2021.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, kesho asubuhi, kabla ya kuwasha gari, tunaombwa sote tufanye mambo matatu. Tuisome nambari ya mzigo katika kila tairi, pamoja na lile la akiba. Tuilinganishe na nambari iliyotajwa kwa gari hilo katika kibati au kitabu chake. Kisha tuupime upepo. Atakayeona tofauti amwarifu msimamizi wake siku hiyo hiyo, na msimamizi asilione jambo hilo kuwa ni udhuru wa dereva asiyetaka safari.

Muuguzi anayepanda kiti cha nyuma kwenda shehia ya mbali hana njia ya kujua tairi lililo chini yake linamudu nini. Anaamini kwamba aliyelichagua alisoma. Ni wajibu wetu imani yake hiyo iwe ya kweli.